Kompyuta Ndogo Ikizimika Ovyo, Usikimbilie Kufuta Memori Kadi

Februari 2015, siku chache baada ya Raspberry Pi 2 kuingia sokoni, mtumiaji mmoja aliipiga picha kompyuta yake mpya ikiwa kazini. Flashi ya kamera ilipomulika, kompyuta ikazimika. Akaiwasha, akapiga picha nyingine, ikazimika tena. Wengine wenye bodi kama ile wakajaribu kwao na mambo yakawa yaleyale. Uchunguzi ukaishia kwenye chipu moja ya kurekebisha umeme, iliyoandikwa U16 kwenye bodi. Chipu hiyo ilifungwa bila ganda la plastiki, silikoni yake ikabaki wazi. Mwanga mkali wa flashi ya gesi ya xenon ulipoipiga, uliamsha umeme ndani ya silikoni, chipu ikayumba na kompyuta nzima ikaanguka. Flashi za LED, kama zilizomo kwenye simu nyingi, hazikuidhuru. Tiba yake ilikuwa kuifunika chipu hiyo kwa kipande cha kitu kisichopitisha mwanga, hata ule udongo laini wa kubandikia mabango ukutani.

Kisa hicho nakithamini kwa sababu ya jinsi kilivyotatuliwa. Hakuna aliyegusa mfumo endeshi. Mtu aliuliza ni nini kilichotokea sekunde moja kabla ya kompyuta kuzimika, akakirudia kwa makusudi, akatazama. Angekimbilia kufuta kadi na kuweka mfumo mpya, angeifuta na kuiandika hata mara mia, na bado kompyuta ingezimika kila flashi inapomulika.

Raspberry Pi ilianza kuuzwa tarehe 29 Februari 2012, kutoka Cambridge, Uingereza. Eben Upton na wenzake walitaka kuwapa vijana kompyuta ya bei nafuu ya kujifunzia kuandika programu. Ile ya kwanza, Model B, iliuzwa dola 35, ikiwa na RAM ya megabaiti 256 na ukubwa unaokaribia ule wa kadi ya benki. Tangu hapo bodi hizi zimeenea mbali kuliko madawati ya wanafunzi wa Uingereza. Utazikuta zikiendesha kamera za ulinzi, zikipima hali ya hewa, na zikihudumia maktaba za shule zisizo na intaneti kupitia programu za Kiwix na Kolibri. Hapa Tanzania, shirika la Powering Potential limefunga maabara za Raspberry Pi zinazotumia umeme wa jua katika shule za sekondari, zikiwamo za wilaya ya Karatu. Umeme wa jua unazitosha kwa sababu bodi nyingi za aina hii hazifikishi hata wati 10.

Lakini ulaji huo mdogo wa umeme umewafanya watu wadhani kwamba chaja yoyote inafaa. Hapo ndipo matatizo mengi yanapozaliwa.

Mafundi wetu wengi wana jibu moja kwa kila kompyuta inayosumbua: tupige windows upya. Hata kompyuta isiyo na Windows, inayoendeshwa na Linux kutoka kwenye memori kadi, hukutana na jibu hilohilo. Kadi inafomatiwa, mfumo mpya unawekwa, kompyuta inawaka, mteja analipa na kushukuru. Wiki mbili baadaye imeganda tena. Safari hii kuna hasara ya pili, kwa kuwa ushahidi wote wa anguko la kwanza ulifutwa pamoja na kadi. Mfumo endeshi hulaumiwa kwanza kwa sababu ndio unaoonekana kwenye skrini. Katika kompyuta ndogo za namna hii, mara nyingi mfumo ndio mhanga. Utaratibu ninaousimamia ni huu: chunguza umeme kwanza, kisha memori kadi, mfumo endeshi uwe wa mwisho, na usifute chochote kabla ya kusoma.

Kabla ya hapo, tazama imeanguka vipi. Skrini ikiganda, bonyeza Caps Lock kwenye kibodi. Taa yake ikiitikia, kiini cha mfumo bado kiko hai na huenda kilichokwama ni programu moja tu. Kama kompyuta iko kwenye mtandao, jaribu kuifikia kutoka kompyuta nyingine. Raspberry Pi Zero ina RAM ya megabaiti 512, kiasi ambacho kivinjari chenye kurasa chache zilizofunguliwa kinaweza kukimaliza. RAM ikijaa, mfumo huanza kuhamishia mzigo kwenye memori kadi, ambayo ni nzito mno kwa kazi hiyo, na mtu aliyekaa mbele ya skrini huona kompyuta imekufa. Ukingoja dakika chache huenda ukakuta imezinduka, na kwenye kumbukumbu za mfumo kuna maneno "Out of memory" yakifuatiwa na jina la programu iliyouawa. Huo ni uhaba wa RAM, na bodi yenyewe ni nzima. Ikiwa haiwaki kabisa, tazama taa ya kijani. Mimweko minne inayojirudia maana yake ni kwamba faili la kuanzishia halikuonekana, na mimweko saba ni kiini cha mfumo kutoonekana. Yote mawili yanakuelekeza kwenye kadi.

Sasa umeme. Bodi hizi hutumia volti 5. Kuanzia Model B+ ya Julai 2014, Raspberry Pi nyingi zina kifaa kinachopima umeme unaoingia, na ukishuka chini ya takriban volti 4.63, bodi hutoa tahadhari. Kwenye B+ na Pi 2, taa nyekundu huzimika. Kama skrini imeunganishwa, mara nyingi alama ya radi hutokea kwenye kona. Watu wengi huiona alama hiyo wakaizoea.

Piga hesabu ndogo. Nyaya nyingi za bei rahisi za kuchajia simu zina waya wa ndani wa geji 28. Mita moja ya waya huo, ukihesabu kwenda na kurudi, ina ukinzani wa takriban omu 0.43. Kompyuta ikivuta ampea 1, volti 0.43 hupotea njiani. Chaja imetoa volti 5.0 kamili, bodi imepokea 4.57, tayari iko chini ya mstari. Tumia waya wa geji 20 wenye urefu uleule, na bodi itapokea takriban 4.93. Chaja ni ileile, kompyuta ni ileile, kilichobadilika ni unene wa shaba usioweza kuuona kwa nje. Ndiyo maana chaja rasmi za Raspberry Pi hutoa volti 5.1, zikiacha akiba ya kufidia kinachopotea njiani.

Simu haijali hilo. Umeme ukipungua, simu inachaji polepole, basi. Kompyuta haina betri ya kuegemea. Kwa sababu hiyo ushuhuda wa "chaja hii ni nzima, nachajia simu kila siku" hauna uzito wowote hapa. Wala maandishi makubwa ya wati kwenye boksi la chaja hayakuhakikishii kitu: chaja nyingi za kasi hutoa wati hizo zikiwa kwenye volti 9 au zaidi, baada ya kuelewana na simu. Zikiwa kwenye volti 5, huenda zisivuke ampea 2 au 3. Raspberry Pi 4 inataka ampea 3 kwenye volti 5. Raspberry Pi 5, iliyotoka 2023, imeandaliwa kwa ampea 5 kwenye volti hizohizo 5, na ikipata chaja ya ampea 3 hupunguza umeme inaovigawia vifaa vya USB hadi jumla ya miliampea 600. Diski ya nje ikichomekwa hapo, isipowaka usishangae.

Diski hizo za nje zina kesi yao. Diski inayozunguka huvuta umeme mwingi zaidi pale inapoanza kuzunguka. Kompyuta inaweza kufanya kazi siku nzima vizuri, kisha mwalimu anachomeka diski yenye vitabu na kila kitu kinazimika papo hapo. Wanafunzi watasema diski ina virusi. Ichomeke kupitia habu ya USB yenye chaja yake yenyewe, ujaribu tena.

Kuna amri moja ambayo kila fundi anayegusa Raspberry Pi anapaswa kuijua kwa moyo: vcgencmd get_throttled. Ikijibu 0x0, hakuna hitilafu ya umeme wala joto iliyorekodiwa tangu kompyuta iwashwe. Ikijibu 0x50000, umeme ulishuka wakati fulani na kasi ikapunguzwa, ingawa kwa sasa hali ni tulivu. Ikijibu 0x50005, umeme ni mdogo hata sasa hivi unapoisoma. Kumbukumbu hii hupotea kompyuta ikizimwa, kwa hiyo endesha amri hiyo kabla ya kuchomoa chochote, huku kompyuta ikiwa imebeba mzigo wake wa kawaida. Jibu la sekunde mbili hapo linaweza kuokoa kazi ya mchana mzima.

Kwenye umeme wa jua, tazama saa. Kompyuta inayozimika karibu saa ileile kila alfajiri haijapata ugonjwa wa programu. Betri ya asidi ya volti 12 inapokaribia volti 11, kidhibiti chaji hukata umeme ili kuilinda betri, na jua likichomoza hurudisha. Ukipima betri saa nne asubuhi utaikuta nzima. Lazima aliyepo alfajiri apime, au kompyuta yenyewe iandike.

Memori kadi ndiyo mshukiwa wa pili, na ina ukaribu na wa kwanza, kwa kuwa umeme mbaya ndio unaoiua. Mwezi Desemba 2013, wahandisi Andrew Huang na Sean Cross walionyesha kwenye mkutano wa kompyuta mjini Hamburg, Ujerumani, kwamba ndani ya memori kadi kuna kompyuta nyingine ndogo, yenye programu yake, na kwamba kwenye baadhi ya kadi inawezekana hata kuibadilisha programu hiyo. Kazi ya kompyuta hiyo ni kuficha udhaifu wa kadi: kukumbuka kila kipande cha data kimewekwa wapi, kukwepa sehemu zilizochakaa, kuhamisha vitu huku na huko. Ili kubadilisha kipande kidogo, hulazimika kunakili na kufuta eneo kubwa zaidi. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, kinachoharibika kinaweza kuwa faili ambalo hakuna aliyekuwa akiligusa. Linux ina kinga yake dhidi ya kukatika kwa umeme, na kinga hiyo ni nzuri, ila haifiki ndani ya kadi.

Dalili za kadi inayokufa zinajulikana. Kwenye kumbukumbu utaona "mmc0" ikifuatiwa na "timeout", au "EXT4-fs error", kisha mfumo unajifungia uwe wa kusomwa tu. Kuna dalili nyingine inayowachanganya wengi: unabadilisha mpangilio, unahifadhi, unawasha upya, na badiliko lako halipo. Kadi imegoma kuandika na haikusema. Kadi ya namna hiyo usiifomati. Nakili kilichomo, itupe.

Na kadi feki zipo tele. Kadi iliyoandikwa gigabaiti 64 inaweza kuwa na 8 za kweli, na hufanya kazi bila shida mpaka data ipite pale penye mwisho wake halisi. Programu ya bure iitwayo F3 huijaza kadi data na kuisoma tena, halafu inakuambia ukweli. Nunua kadi ukiwa na muda wa kuipima kabla ya kuitumia, hasa kadi itakayokwenda shule iliyo mbali. Alama ya A1 au A2 kwenye kadi inahusu kasi ya kusoma na kuandika vipande vidogovidogo, jambo ambalo mfumo endeshi hulifanya kila wakati. Zile zilizotengenezwa kwa kamera za magari, zinazovumilia kuandikwa mfululizo, hudumu zaidi.

Joto hulaumiwa kuliko linavyostahili. Bodi ikikaribia nyuzi 80 hadi 85 za Selsiasi hupunguza kasi yenyewe ili ipoe. Kwa hiyo kompyuta iliyofungiwa ndani ya boksi la plastiki chini ya bati jijini Dar es Salaam itakuwa nzito kabla ya kuzimika. Ipe nafasi ya hewa, tafuta kipoza joto cha alumini, na kama kuna mtu aliiongezea kasi kuliko ya kiwandani, airudishe.

Sehemu inayohitaji subira ni kusoma kumbukumbu. Amri ya journalctl -b -1 huonyesha kilichoandikwa katika uwashaji uliotangulia, hadi dakika ya anguko. Baadhi ya matoleo ya mfumo huweka kumbukumbu kwenye RAM pekee ili kuipunguzia kadi kazi, nazo hupotea kompyuta ikizimika. Kwa kipindi cha uchunguzi, badilisha mpangilio wa Storage katika journald uwe persistent. Halafu uwe tayari kusoma ukimya. Kumbukumbu zikikatika katikati ya shughuli za kawaida, bila onyo wala malalamiko, shuku umeme au bodi. Programu inayokufa huacha maneno. Umeme ukikatika hauachi kitu.

Kiini cha mfumo kikianguka chenyewe, hapo ndipo maneno "Kernel panic" hutokea, na mara nyingi hayafiki kwenye kadi kwa sababu aliyepaswa kuyaandika ndiye aliyeanguka. Acha skrini ikiwa imeunganishwa, upige picha ya maneno yote, pamoja na mistari ya juu ambayo watu huikata. Ikiwa hakuna skrini, Raspberry Pi inaweza kutoa maneno hayo kupitia pini zake za mawasiliano hadi kwenye kompyuta nyingine, kwa waya maalumu wa volti 3.3. Ule wa volti 5 unaweza kuichoma bodi, basi kagua kabla ya kuunganisha. Ujumbe unaosema kwamba kiini kimeshindwa kufungua "root fs" unakurudisha tena kwenye kadi.

Jihadhari pia na tarehe. Raspberry Pi zilizotangulia Pi 5 hazina saa inayoendelea kutembea umeme ukikatika. Pasipo intaneti, kompyuta huwaka ikiamini kwamba bado ni ile saa ya mwisho iliyohifadhiwa, na kumbukumbu za Jumatano huandikwa kana kwamba ni za Jumatatu. Katika shule isiyo na mtandao, hili linaweza kuvuruga uchunguzi wote. Moduli ndogo ya saa aina ya DS3231, yenye betri yake, hulimaliza.

Je, mfumo endeshi hauna makosa kamwe? Unayo. Kosa lake huwa lina mwanzo unaoeleweka: tangu tulipofanya masasisho, tangu tulipoweka programu fulani, tangu tulipobadilisha kiini. Amri ya rpi-update huleta kiini ambacho bado kinajaribiwa, na haifai kutumika kwenye mashine inayotegemewa na watu. Masasisho ya kawaida nayo yakikatizwa na umeme huacha nusu ya mfumo mpya na nusu ya zamani. Yafanye siku ambayo betri imejaa. Ukifika hapa, ukiwa umeshathibitisha umeme ni mzuri na kadi ni nzima, kuweka mfumo upya ni hatua halali, na safari hii utajua kwa nini unaiweka.

Kwa mashine iliyofungwa mahali pasipo na fundi, kuna kinga mbili zinazofaa. Ya kwanza ni mpangilio wa Overlay File System ndani ya raspi-config, unaofanya kadi isiandikwe kabisa. Mabadiliko hukaa kwenye RAM, na umeme ukikatika hakuna kinachoharibika. Maktaba inayosomwa tu haihitaji zaidi ya hapo. Ya pili ni saa ya ulinzi iliyomo ndani ya chipu: mfumo usipoigusa kwa takriban sekunde 15, huiwasha kompyuta upya yenyewe. Iwashe, lakini baada ya kumaliza uchunguzi. Ukiiwasha mapema, kompyuta itaanguka mara kumi kwa siku na hakuna atakayejua mpaka kadi ife.

Kwa wanaozipelekea shule zetu kompyuta hizi, wawe wafadhili, halmashauri au wazazi: Raspberry Pi 4 ilipotoka mwaka 2019, bodi ya bei ya chini iliuzwa dola 35 na chaja yake rasmi dola 8. Chaja hiyo ndiyo inayokatwa kwanza kwenye bajeti, kwa hoja kwamba chaja za simu zimejaa Kariakoo. Msiikate. Wekeni chaja rasmi na waya wake, ongezeni memori kadi ya akiba iliyokwisha kupimwa na kuandikwa mfumo, na mmwachie mwalimu karatasi yenye amri ya vcgencmd get_throttled na nafasi ya kuandika saa, tarehe na jibu.